Ndugu yako anakula unga (heroini) na anataka kuacha? Anzia hapa (watu wa Dar)

Haipiti wiki sijapata meseji ya namna hii, "kaka samahani, mdogo wangu anakula unga, nimfungie ndani mpaka arosto iishe?" (arosto ni yale mateso ya mwili ukikosa unga). Wengine mama zangu kabisa wanapiga simu usiku, huku wananong'ona ili baba asisikie. Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwahiyo naandika mara moja, anayetaka asome, na akiulizwa na mwingine amtumie.

Jibu la kwanza: usimfungie. Mimi nimekula unga miaka tisa hapa hapa Temeke na maza alinifungia stoo na ndoo, godoro na jagi la maji. Siku ya tatu nikachomoa vioo vya dirisha kimoja kimoja nikavipanga chini vizuri kabisa visivunjike (hata sijui ustaarabu ule ulitoka wapi), nikapita jikoni, nikatoka na mtungi wake wa gesi ule wa kilo sita. Kabla ya magharibi mtungi ulishakuwa kete, yaani vipakiti vya unga. Maza akarudi kupikia mkaa miezi minne.

Sasa ona, arosto ya unga inaanza kama masaa nane mpaka kumi na mbili toka kete ya mwisho, inakuwa kali siku ya pili na ya tatu, ikifika wiki imeshapoa sana. Wiki moja tu. Ingekuwa kuacha ni kupita arosto basi Dar nzima kusingekuwa na teja, maana kila teja ameshaipita arosto mara kadhaa, mahabusu, kijijini kwa bibi, hospitali. Kazi ipo baada ya hapo, na huu mwongozo sehemu kubwa ni wa baada ya hapo.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Yeye mwenyewe awe amekubali, hata kama amekubali nusu nusu. Nusu inatosha kuanzia.
- Mtu mmoja wa kumsindikiza, mmoja tu, anayeaminiana nae. Mara nyingi sio baba. Nisamehewe akina baba.
- Hela ya nauli ya mwezi mzima iliyotengwa pembeni. Piga hesabu ya kwenda na kurudi, watu wawili, kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Watu wengi wanakwama kwenye nauli kuliko kwenye arosto, nasema kweli.
- Kitambulisho, au barua ya serikali ya mtaa. Kama hana usibaki nyumbani unangoja NIDA, nenda kaulize hivyo hivyo.
- Orodha ya dawa zote anazotumia: ARV, za TB, za kifafa, vidonge vya usingizi. Andika kwenye karatasi, asije akakumbuka nusu mbele ya daktari.
- Kufuli la chumba chako. La kufungia vitu vyako, sio yeye.

Hatua kwa hatua

1. Jua anatumia nini hasa

Muulize bila kelele. Unga wa kuvuta? Kokteli, yaani unga umechanganywa na bangi? Anajidunga? Na pembeni anaongezea nini, maana wengi wakikosa hela wanameza valiamu au wanakunywa gongo.

Hii ni muhimu kwasababu mbili. Moja, metadoni (dawa ya kliniki, nitaieleza hatua ya tatu) inatibu uraibu wa unga na jamaa zake tu. Bangi, mirungi, kokeini, pombe, metadoni haiwahusu, wao wanahitaji ushauri na daktari wa afya ya akili, na soba (nyumba wanayoishi watu wanaoacha) inaweza kuwasaidia.

Pili, na hapa soma mara mbili: arosto ya unga inatesa sana lakini kwa mtu mzima mwenye afya mara chache inaua. Arosto ya pombe INAUA. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka ukimkatisha ghafla nyumbani anaweza kupata degedege, akaanza kuona vitu visivyokuwepo, siku mbili tatu akafa, na nyie mnasema karogwa. Valiamu nazo hivyo hivyo, haziachwi ghafla. Hao wapeleke hospitali kwanza, wapunguziwe na wataalamu.

Na kama ni dada mjamzito asikatishwe unga ghafla, mimba inaweza kutoka. Metadoni wajawazito wanapewa na wananyonyesha vizuri tu, ila kwa usimamizi wa kliniki. Wadada wanaogopa kwenda kwasababu ya macho ya watu kwenye foleni, msindikize.

2. Ongea nae saa ambayo kichwa kipo

Akiwa na stimu anasinzia, atakubali kila kitu na hatakumbuka. Akiwa na arosto anasikia kitu kimoja tu. Katikati kuna muda mfupi ambao ameshatulia na bado haijaanza kumuuma, hapo ndio uongee. Watu wawili, sio baraza. Kwetu liliitwa baraza, wajomba wanne, sheikh, na jirani mmoja sijui aliingiaje, kila mtu akaongea, nikalia, nikaapa, nikapewa elfu tano ya kunyolea nywele. Nadhani unajua ilienda wapi.

Usiulize "kwanini unatufanyia hivi". Uliza "kesho asubuhi nikikusindikiza utaenda?" Akisema ndio mnatoka kesho yake. Ukisema "wiki ijayo mambo yakikaa sawa" hiyo wiki haipo.

3. Chagua njia: metadoni au soba

Metadoni ni dawa ya maji, anakunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa kliniki, inakata arosto kwa zaidi ya siku nzima na inapunguza ile kiu ya unga. Muhimbili walianza 2011, baadae Mwananyamala na Temeke wakafuata, na sasa hivi huduma ipo hata mikoani. Dawa yenyewe ni bure. Anaendelea kulala nyumbani, anaweza kufanya kazi.

Soba hausi ni nyumba anayoishi, mara nyingi miezi mitatu mpaka sita, hatumii chochote, kuna ratiba, vikao, kazi za ndani na ushauri. Nyingi ni za kulipia. Nyingi pia hazipokei mtu aliye kwenye metadoni, uliza mapema.

Ipi bora? Kwa mtu wa unga wa miaka mingi, hasa anayejidunga, mimi nasema anza na metadoni. Sio kwasababu mimi nilipona huko, ni kwasababu nimezika washkaji watatu waliotoka soba wakiwa wasafi kabisa, wamenenepa, wakarudi kijiweni wakapiga kipimo kile kile cha zamani. Mwili ulishasahau. Soba inafaa sana kwa kijana ambaye bado yupo mwanzoni, au wa pombe na bangi, au ambaye nyumbani kwao ndio kijiwe chenyewe.

4. Kuingia kliniki ya metadoni

Usitegemee kufika na kupewa dawa siku hiyo hiyo. Mara nyingi njia inapita kwa asasi za kijamii zinazofanya kazi na waraibu huko huko mitaani, wale wahamasishaji wanaozunguka maskani, wengi wao walikuwa mateja zamani. Wanamuandikisha, wanamfanyia vikao vya maandalizi, ndio wanampeleka kliniki. Ukikosa pa kuanzia nenda kituo chenyewe dirishani ukaulize utaratibu, au piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, waulize huduma iliyo karibu na wewe.

Kliniki watamuuliza maswali mengi, watampima mkojo, watapima Virusi vya Ukimwi, TB, homa ya ini. Mwambie asidanganye kiasi anachotumia. Wengine wanaongeza ili wapewe dozi kubwa, wengine wanapunguza kwa aibu mbele ya mama. Wote wanajiumiza. Wewe msindikizaji kwenye hayo maswali toka nje, kanunue maji.

Na ile karatasi ya dawa usiisahau. Rifampisini ya TB na baadhi ya ARV zinapunguza nguvu ya metadoni mwilini, daktari asipojua mgonjwa atakuwa na arosto kila siku na nyie mtasema metadoni haifanyi kazi.

Siku ya kwanza inakuwa hivi, ili asishtuke: anaitwa namba, anasogea dirishani, anapewa kikombe kidogo, anakunywa pale pale, anakunywa na maji, alafu anaambiwa aongee kidogo au afungue mdomo waone amemeza. Mimi ile ya kuambiwa nifungue mdomo kama mtoto iliniuma kuliko sindano zote nilizojidunga. Siku ya tano nilishazoea, nikawa na utani na yule nesi.

5. Wiki mbili za mwanzo, hapa kaa macho

Dozi ya kuanzia ni ndogo makusudi, kawaida haizidi miligramu 30, inapandishwa taratibu mpaka mtu atulie, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Kwahiyo siku za mwanzo atakwambia "haishiki". Ni kweli haijashika vizuri. Asubiri. Metadoni inajikusanya mwilini siku hadi siku, leo anaona haitoshi, siku ya nne ile ya juzi na jana zote zimo ndani.

Makosa yanayoua hapa:
- Kuongezea kete jioni "nisogeze usiku".
- Kunywa pombe au kumeza valiamu juu yake. Huu mchanganyiko unazima pumzi mtu akiwa amelala.
- Kuonjeshwa dawa ya mwenzake. Dozi ya mtu aliyezoea inamuua mgeni, na mtoto wa nyumbani inamuua kabisa.
- Kukosa siku. Akikosa siku tatu mfululizo asidai dozi yake ya zamani, aseme ukweli dirishani, watampima upya wampunguzie. Wasipompunguzia ndio hatari.

Usiku wa siku hizo mmoja wenu alale chumba kimoja nae. Akikoroma kwa namna ya ajabu usifurahi kwamba leo amelala vizuri, muamshe.

6. Kama mmechagua soba, nenda kaione kwanza

Usitume hela kwa simu kwa mtu uliyemuona kwenye tangazo. Nenda mwenyewe, bila taarifa ukiweza, na uliza:

Wamesajiliwa na nani, wakuoneshe. Mgonjwa akizidiwa usiku wanampeleka hospitali gani na kwa usafiri gani. Kuna nesi au daktari anakuja? ARV na dawa zingine anaendelea nazo? Mnaruhusiwa kumuona lini? Wanapiga watu, wanafunga minyororo? Angalia miguu ya waliopo, wala usiulize, angalia vifundo tu. Hela unayolipa ni ya nini, na risiti ipo? Halafu swali ambalo watu hawaulizi: siku akitoka mnamfuatilia vipi?

Kuna sehemu niliwahi kupelekwa, jina naliacha, tulikuwa watu kumi na tisa chumba kimoja, tiba ilikuwa kumwagiwa maji ya baridi alfajiri. Nilitoka nikiwa na pneumonia na hasira. Zipo nzuri, nyingi tu, zinaendeshwa na watu waliopita huko wenyewe na wanaipenda kazi. Ndio maana nasema nenda ukaone.

7. Nyumbani: hela, simu, maskani

Hii ndio hatua ndefu na ndio mnairuka.

Hela. Miezi ya mwanzo asishike hela zaidi ya nauli ya siku hiyo. Sio adhabu, mwambie hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nikishika elfu kumi mkono unatoka jasho, yaani noti yenyewe ilikuwa inanukia unga. Maza alikuwa ananipa nauli asubuhi, sarafu, nikitoka kliniki napitia kwake sokoni ananipa ya chai. Miezi sita. Mimi mwenyewe ndio nilimwambia sasa naweza kushika elfu kumi, sio yeye. Na vibarua akipata, mwanzoni muombeni anayemlipa ampe kwa siku kidogo kidogo, sio mzigo wa wiki mzima.

Simu. Badilisha laini. Pusha ana namba yake na atapiga, tena kwa upendo sana, "mwanangu umepotea, njoo nikupe ya offa". Kitochi kinatosha.

Njia. Hiki watu hawakifikirii kabisa. Kama daladala mnayopanda inashusha mbele ya maskani yake ya zamani, pandeni nyingine hata kama mnazunguka. Mimi nilikuwa nashuka kituo cha mbele alafu natembea kurudi nyuma, dakika ishirini juani, kukwepa ukuta mmoja wenye kivuli cha mwarobaini. Ukuta tu. Nikiuona tumbo linaanza kukata kama vile nina arosto, na dawa nimekunywa asubuhi hiyo.

Maneno. Kuitwa teja na shangazi kwenye shughuli mbele ya watu kumerudisha wengi kijiweni kuliko pusha. Mtungi ukipotea usianze nae yeye. Ukipotea na ni yeye kweli, utajua tu, na mtaongea wawili.

8. Jaza siku

Mtu wa unga alikuwa na kazi ya masaa 24: kutafuta hela, kutafuta mzigo, kutumia, kutafuta tena. Ukimtoa hapo saa nne asubuhi ameshatoka kliniki na siku nzima iko tupu mbele yake, anakaa barazani anahesabu bajaji. Mtafutie kitu, kidogo tu, kuosha vyombo vya mgahawa, kumsaidia fundi, kuuza maji. Kupiga debe stendi hapana, maana pale ndipo wenzake walipo.

Vikao vya NA, yaani waraibu wanaosaidiana wenyewe kwa wenyewe, havina kiingilio, viulizie kliniki au soba yoyote. Aende hata kama haongei. Mimi nilikaa vikao kumi sijafungua mdomo.

9. Jiandae na ovadozi (unga kuzidi mpaka pumzi inakata), hata kama anaendelea vizuri

Hatari kubwa ni mtu aliyekaa muda bila kutumia, ametoka soba au jela, akarudia siku moja. Dalili: haamki hata ukimsugua kifua kwa ngumi, anapumua taratibu sana au anakoroma, midomo na kucha zinakuwa za bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Fanya hivi: ita watu, tafuta bodaboda au bajaji, gari yoyote. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano. Akianza kupumua mlaze ubavu. Hospitali waambie wazi ametumia unga, kuna dawa inaitwa naloksoni inamzindua. Na akizinduka msiondoke nae, naloksoni inaisha nguvu mapema kuliko metadoni, anaweza kuzima tena njiani.

USIMPE maziwa, usimdunge maji ya chumvi, usimmwagie maji ukaishia hapo. Maziwa yanaingia kwenye mapafu. Hii ya maziwa imezagaa vijiweni kote na imeua watu.

Mambo yakienda kombo

*"Metadoni si ni unga mwingine tu?"* Ni ukoo mmoja, sikatai. Ila akishatulia kwenye dozi hasinzii, haibi, hajidungi, anaenda kazini. Fananisha na mgonjwa wa presha na vidonge vyake.

*"Atakunywa mpaka lini?"* Usipige hesabu ya miezi. Mwaka ni mwanzo, wengi wanaenda miaka. Kupunguza kunafanyika na daktari, kidogo kidogo, yeye akiwa tayari. Familia zinazoharakisha "sasa acha na hiyo dawa umuoe yule binti" zinarudi kwangu zinalia.

*"Anatoka jasho sana na hapati choo."* Ni metadoni. Maji mengi, mapapai, mboga za majani, na aseme kliniki. Meno nayo yanaharibika kwasababu mdomo unakauka, apige mswaki kweli kweli. Nguvu za kiume zikipungua aseme pia, asiende kununua vumbi la mtaani.

*"Ramadhani anataka kufunga."* Azungumze na kliniki mapema kabla mwezi haujaandama, asijikatie dozi mwenyewe. Na ni mgonjwa anayetibiwa, amuulize sheikh wake pia.

*"Tumpeleke tu kijijini."* Unga umeshafika mpaka huko, na usipokuwepo ipo gongo. Akikaa miezi mitatu akarudi Dar, rudi kasome hatua ya tisa.

*"Amerudia."* Wengi tunarudia, mimi mara nne. Usimfukuze usiku huo, usimpe hela usiku huo. Asubuhi muulize lile lile swali la hatua ya pili. Kama yupo kwenye metadoni aende akanywe dawa yake lakini aseme dirishani kwamba jana alitumia, asifiche. Watamsema kidogo na wataendelea nae.

Siku ya kwanza mkienda tokeni mapema, foleni inakuwa ndefu, beba maji na mkate, na hela ya kurudia kaa nayo wewe.